Anayeamua na Anayelipa: Mhadhara Kuhusu Fedha Zinazopotea



Mmenitaka nizungumzie matumizi mabaya ya fedha, na nahisi wengine mmekuja mkitarajia orodha. Orodha haina ugumu. Tukipitisha karatasi humu ukumbini, kila mmoja aandike jambo moja analoliona ni kuchezea fedha, naweza kuyaotea majibu kabla karatasi haijarudi mbele: harusi za kifahari, mikeka ya kubeti, bia, simu mpya kila mwaka, mawigi, mashangingi ya serikali, semina zisizokwisha, misiba iliyogeuka sherehe. Vijana wataandika ya wazee na wazee wataandika ya vijana. Wanaume wataitaja saluni, wanawake wataitaja baa. Atakayeandika la kwake mwenyewe mtanionyesha.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Upotevu wa fedha tunauona vizuri sana ukiwa kwa jirani, tena tunauona pale tu unapong'aa au kupiga kelele. Kwa hiyo tunashika tama juu ya keki ya harusi, huku mabilioni yanapita kimya mbele yetu. Tunahitaji kipimo kisichotegemea nani anapenda nini, kipimo kinachofaa kwa mfuko wa mama ntilie na kwa Hazina ya taifa.

Kipimo ninachokileta kwenu leo ni hiki: tazama kama anayeamua ndiye anayelipa. Wakiwa mtu mmoja, kosa hutokea, lakini huwa dogo na halidumu, maana maumivu humfikia mwenye kosa upesi. Wakitengana, breki zimekatika. Nitakipitisha kipimo hiki katika mambo matano, kuanzia ukumbi wa harusi, kisha tuone kinatudai nini.

Kamati ya harusi

Nianze na harusi kwa sababu ndiyo inayosemwa kuliko yote. Nazungumzia harusi ya mjini hapa kwetu Tanzania, ile inayoendeshwa na kamati. Mnaijua. Miezi mitatu minne kabla ya siku yenyewe, watu wanakutana Jumapili alasiri kwenye baa yenye bustani. Anachaguliwa mwenyekiti, mara nyingi mtu mwenye sauti na gari. Anachaguliwa katibu. Anachaguliwa mhazini, ambaye aghalabu ni mama asiyeona haya kumdai mtu mzima mbele ya wenzake. Kadi za mchango zinachapishwa na kusambazwa, siku hizi kwa WhatsApp, zikiwa na namba ya kutumia pesa. Daftari la mhazini lina safu mbili, ahadi na taslimu. Safu ya ahadi ndiyo hujaa mapema.

Bajeti ya kwanza huwa na adabu: ukumbi wa kawaida, chakula, vinywaji, mpambaji, mshehereshaji, keki, mpiga picha. Vikao vikiendelea, mjumbe mmoja anasimama: "Jamani, harusi ya kina fulani ilikuwa na matarumbeta. Sisi tutaonekanaje?" Matarumbeta yanaingia. Kikao kijacho ukumbi umekuwa mdogo. Kinachofuata, yupo anayesema keki ya ngazi tano bila ndafu ni aibu kwa upande wetu. Kila pendekezo linapita kwa makofi, kwa kuwa hakuna hata mmoja pale anayeitoa fedha hiyo mfukoni mwake peke yake. Ni fedha ya watu. Sherehe ikiisha, kuna kikao cha kuvunja kamati, nacho kina fungu lake la nyama choma.

Wanaosema huu ni upuuzi mtupu wamepatia nusu. Nusu waliyoikosa ni kwamba mchango wa harusi ni deni. Aliyenichangia laki moja leo, nitamchangia bintiye atakapoolewa, na nisipofanya hivyo nitasemwa. Lile daftari la mhazini hukabidhiwa wenye shughuli, nao hulitunza miaka. Kwa familia isiyo na bima ya afya wala pensheni, daftari hilo ndilo linaloonyesha nani atakuja siku ya kuuguliwa na siku ya kufiwa. Fedha iliyonunua watu haikupotea, hata kama ilipitia kwenye pilau.

Kilichopotea ni kile kilichoongezwa kwa makofi. Mchukue mchangiaji mmoja pembeni, umuulize: katika mchango wako, elfu kumi iende kwenye matarumbeta, au wapewe maharusi wakalipie kodi ya nyumba? Mnalijua jibu. Maharusi wenyewe nao wangejibu hivyo hivyo, hasa wale wanaorudi kutoka fungate na kukuta mpambaji anadai malizio. Wasioulizwa ndio waliolipa.

Karanga za Kongwa

Sasa tutoke ukumbini twende Ugogo, mwaka 1947.

Uingereza ilikuwa imetoka vitani, watu wake wakipewa siagi na mafuta ya kupikia kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka wazo serikalini: Tanganyika kuna ardhi kubwa isiyolimwa, zilimwe karanga kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache tu ukarudi na ripoti. Zifyekwe ekari zaidi ya milioni 3, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Waziri wa Chakula, John Strachey, akalibeba jambo hilo. Kwa Tanganyika yakachaguliwa maeneo matatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kazi ikaanzia Kongwa.

Wagogo wa Kongwa walikuwa wafugaji na wakulima wa mtama na uwele. Mazao hayo yanavumilia ukame, nao hawakuyachagua kwa kutojua mengine. Njaa waliyoiita Mtunya, iliyowapiga mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa haijatimiza hata miaka thelathini. Wazee waliokuwa hai mwaka 1947 waliikumbuka kwa majina ya waliowazika. Yeyote kati yao angeweza kueleza kwamba mvua ya pale haina ahadi, na kwamba ardhi ile ikikauka jembe haliingii. Hakuna aliyemwita kwenye kikao.

Yaliyofuata yako kwenye kumbukumbu za serikali ya Uingereza yenyewe. Matrekta mapya yalikuwa adimu, yakanunuliwa mitumba ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino, yakafa kwa wingi porini. Vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikagoma kung'oka. Mwaka wa kwanza walipanga kulima ekari 150,000, na zilizopandwa hazikufika 10,000. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi uliochanganyika na changarawe kali. Changarawe ikala majembe ya matrekta, na mvua ilipokatika mfinyanzi ukashikamana, karanga zikabaki humo humo ardhini zisichimbike. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuufuta mpango. Hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi, za wakati ule.

Swali langu si kwa nini walikosea. Kila mkulima hukosea. Swali ni kwa nini kosa liliachwa likue miaka minne. Mkulima wa Kongwa angeweka shamba la karanga kwa fedha yake, angelijua kosa msimu wa kwanza, na msimu wa pili angerudi kwenye uwele. Lakini waliolipia mpango ule walikuwa mlipa kodi wa Uingereza, asiyejua Kongwa iko upande gani wa dunia, na Mgogo aliyepoteza malisho. Walioamua walikuwa katikati, mishahara yao ikiingia kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Tuwe waadilifu, yako yaliyobaki. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga, na leo inapakia korosho. Reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea haikudumu, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kongwa ikaja kuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Na sehemu ya ardhi iliyofyekwa kwa mamilioni yale ikawa ranchi ya taifa. Pauni milioni 36 zilizunguka mpaka zikarudi kwenye ng'ombe, shughuli ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya pale siku ujumbe wa Wakefield ulipowapita.

Rada na chenji yake

Mtaniambia huo ulikuwa ukoloni. Basi tuje kwenye Tanzania huru.

Novemba 2001 nchi yetu ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kimataifa wa kuzisamehe nchi maskini madeni. Mwezi uliofuata, serikali ya Uingereza iliipa kampuni ya BAE Systems kibali cha kutuuzia mfumo wa rada ya kuongozea ndege kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno na hauendani na mahitaji yetu. Waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, Clare Short, aliupinga ndani ya serikali yake mwenyewe. Mauzo yakapita.

Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri kosa mbele ya mahakama jijini London: kushindwa kutunza kumbukumbu sahihi za hesabu zilizohusu biashara hiyo. Ikatozwa faini ya pauni 500,000, na chini ya makubaliano na waendesha mashtaka ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha zilipokuja mwaka 2012 zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Watanzania hatukosi jina. Tukaziita chenji ya rada.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tazameni jinsi walivyolenga: kosa lililokiriwa mahakamani lilikuwa la daftari. Mama mhazini wa kamati ya harusi, mwenye kalamu ya mia mbili na safu zake mbili, alikuwa na uwazi ambao biashara ya pauni milioni 28 kati ya mataifa mawili haikuwa nao.

Wako wanaosema chenji ilizidi bei, kwa hiyo hatukupoteza kitu. Hesabu hiyo inamwacha nje mlipaji. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002 alimaliza la saba mwaka 2008. Kama alisoma akiwa amekaa sakafuni, dawati la chenji ya rada lilifika shuleni kwake miaka minne baada ya yeye kuondoka. Yeye hakuulizwa wakati wa kununua, na wakati wa kurudishiwa hakuwepo.

Upotevu usio na matarumbeta

Nafika kwenye pingamizi ambalo najua wengine mnalo mdomoni. Mtasema: mwanamume anayebeti anaamua mwenyewe na analipa mwenyewe. Mama anayekopa mkopo wa kausha damu anaamua mwenyewe na analipa mwenyewe. Mbona wanapoteza?

Wanapoteza kwa sababu anayeamua ni mtu wa leo, na anayelipa ni mtu wa kesho, na hao wawili hawajawahi kukaa kikao kimoja. Mwenye mkeka nitampita haraka, maana yeye walau anasemwa kila siku. Nimtazame huyu mama.

Tuseme anauza vitumbua na chai karibu na kituo cha daladala. Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa sare na viatu, na mtaji umeliwa na homa ya wiki iliyopita. Anakopa shilingi 200,000. Karatasi anayosainishwa haisomi, kwa kuwa foleni ni ndefu na mkopeshaji ana haraka. Rejesho ni 10,000 kila siku, kwa siku 26. Elfu kumi kwa siku haitishi, anaipata kabla ya saa nne asubuhi. Lakini piga hesabu. Atarejesha 260,000. Ametoa 60,000 kukaa na fedha hiyo chini ya mwezi mmoja, yaani asilimia 30, na kila siku aliyolipa deni lilikuwa likipungua, kwa hiyo hata hiyo 200,000 hakukaa nayo nzima. Akikosa siku tatu, wanakuja kubeba televisheni au kitanda. Mwezi ujao anakopa tena ili amalizie wa kwanza. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Jambo hili si la vichochoroni tu. Jirani zetu wa Kenya walipoanzishiwa M-Shwari mwishoni mwa mwaka 2012, mkopo wa siku 30 kwa simu ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Inasikika ndogo. Anayeurudia kila mwezi, ndani ya mwaka ada zake zinafika asilimia 90 ya kile alichokopa.

Sasa linganisheni na harusi. Mchango wa harusi hauna riba. Niliyechangia laki nitarudishiwa laki, na shukrani juu yake. Kausha damu inakula theluthi moja kasoro ndani ya mwezi. Lakini karatasi yetu ikipita ukumbini, harusi itaandikwa na watu arobaini, na riba pengine haitaandikwa na hata mmoja, kwa sababu haina mapambo, haina mshehereshaji wala gari lenye maua. Tunaangalia mapambo badala ya kuangalia hesabu. Fedha nyingi za maskini wa nchi hii haziondoki kwa anasa. Zinaondoka kwa sare ya shule, kwa dawa, kwa mkaa wa kununua kopo kopo, ambao ukijumlisha kwa mwezi unaizidi bei ya gunia ambalo hakuwa na fedha ya kulinunua kwa mkupuo.

Kubana matumizi kwa amri

Wengi wetu, tukikasirishwa na upotevu, tunaomba dawa moja: apatikane mkubwa mkali atukatie matumizi. Tuliionja dawa hiyo. Mwishoni mwa 2015, Rais John Magufuli, akiwa na wiki chache madarakani, alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba. Watu wakafagia mitaa, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Nchi nzima ilishangilia, na barabara ile ilihitajika kweli.

Hata hivyo, kipimo changu hakimpendelei mtu. Mlipa kodi hakuulizwa kuhusu gwaride, na hakuulizwa kuhusu kulifuta. Kilichoamuliwa na mmoja hurudishwa na mmoja, na kweli, mwaka uliofuata sherehe zilirudi. Ubanaji wa matumizi unaoshuka kama amri una afya siku ile ile tu ambayo mwenye amri ana hasira. Unaodumu ni ule ambao mlipaji mwenyewe amekaa mezani na kusema ndiyo au hapana, akijua bei.

Tufanyeje?

Siji na mpango wa taifa. Nina mambo machache ambayo yako ndani ya uwezo wa waliomo humu.

Wajumbe wa kamati za harusi, ambao najua mmejaa humu, pangeni bajeti kwa safu ya taslimu. Safu ya ahadi iacheni ilivyo. Na anayependekeza kitu kipya baada ya bajeti kupita, akilipie yeye. Sheria hiyo moja itayapunguza matarumbeta mjini hapa kuliko mahubiri yote ya misikitini na makanisani.

Wanachama wa chama hiki cha akiba na mikopo, tuna jambo ambalo mama wa vitumbua hana: mkutano mkuu, ambamo mkopaji na mkopeshaji ni watu wale wale. Riba yetu tunaiamua sisi tunaoilipa. Basi tufungue mlango. Kama masharti yetu ya kuwa mwanachama yanamtaka mama huyo awe na hati ya mshahara, tunamsukuma kwa kausha damu kwa mikono yetu, halafu jioni tunamlaumu kwa kutojua kutunza fedha.

Wanafunzi wangu, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwasilishwa bungeni kila mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili. Kwa siku tatu magazeti yanapiga kelele, kisha kimya. Chukueni sura inayohusu halmashauri yenu peke yake, muisome kwa kalamu mkononi. Ni kurasa chache kuliko mnavyodhani.

Na kwa sisi sote tuliozaliwa vijijini na tunaorudi huko: sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na hapo taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wanakijiji. Mkutano huo ni mahali pa nadra katika nchi hii ambapo anayeamua analazimika kumtazama anayelipa usoni. Mara nyingi haufanyiki, na unapofanyika hauhudhuriwi, kwa kuwa watu wenye hasira kubwa na ubadhirifu wa serikali wako mjini wakijadili bei ya keki ya harusi ya mtu.

Ukitangazwa, nendeni. Mkifika, kabla ya kuuliza nani ameiba, ulizeni nani aliamua, na walioambiwa walipe waliambiwa lini. Wizi tayari una mahakama yake, na maswali haya mawili yasipoulizwa na mlipaji, hakuna mwingine mwenye sababu ya kuyauliza.